Yesu Akamkazia Macho

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeandika kidogo na kufuta sana. Rafiki yangu wa utotoni, mchungaji, amelala katika Bwana, na familia imenipa kazi ya kupitia wasifu wa marehemu kabla haujapelekwa kuchapwa. Rasimu niliyoletewa ni safi: ubatizo, kipaimara, shule, ndoa, chuo cha theolojia Makumira, kubarikiwa kuwa mchungaji, sharika alizotumikia, kuugua, kufariki. Mwishoni kabisa, baada ya idadi ya wajukuu, kuna nusu mstari kwamba marehemu alikuwa na kipaji cha uchoraji.

Nusu mstari! Mtu ambaye alishika mkaa kabla hajashika kalamu. Nilikasirika, na hasira hiyo bado haijaisha, kwa hiyo leo mnivumilie.

Tulikua pamoja Marangu, migombani. Mkaa wa jikoni kwa mama yake ulikuwa unaishia kwenye kuta za majirani. Alichora ng'ombe, akasifiwa. Akamchora mwalimu wa zamu, akachapwa. Darasa la kipaimara, mwinjilisti akitukaririsha Katekisimo Ndogo, yeye alikuwa anamchora mwinjilisti pembezoni mwa daftari, na akiulizwa ghafla maana ya amri ya nane anaijibu yote bila kukwama. Sisi tuliokuwa tunasikiliza ndio tulioshindwa.

Marangu tulikuwa na mtu wa kujivunia. Elimo Njau, mzaliwa wa hapo hapo mwaka 1932, alisomea sanaa Makerere, na mwaka 1959 akachora kuta za kanisa la Kianglikana kule Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Picha kubwa tano: kuzaliwa kwa Bwana, kubatizwa, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Watu wote humo ni Waafrika, na vilima ni vya pale pale Murang'a. Mwalimu wetu alikuwa na picha hizo kwenye jarida la zamani. Mimi nilimwona Yesu mweusi, nikashangaa, nikaenda zangu kucheza mpira. Mwenzangu alibaki na lile jarida mpaka kengele. Akamwambia mwalimu kwamba akikua atafanya kazi hiyo. Mwalimu akamwuliza, kazi ipi, ya kuchora au ya kanisa? Akajibu, hiyo hiyo.

Naomba jibu hilo mlishike, maana maisha yake yote watu walijaribu kumgawa vipande viwili. Alipokuwa anaandika vibao vya maduka Moshi na kupamba mabasi, wacha Mungu walimsikitikia. Alipoingia Makumira kusomea theolojia, wakampongeza kwa kuacha mambo ya dunia, na yeye alikuwa amebeba brashi zake ndani ya sanduku pamoja na Biblia. Baadaye, akiwa mchungaji tayari, mzee mmoja wa kanisa alimsomea Kutoka 20 juu ya sanamu za kuchonga, kwa sababu alichora ukuta wa chumba cha shule ya Jumapili. Alimjibu kwa upole kwamba Martin Luther mwenyewe, ambaye kanisa letu lina jina lake, mwaka 1522 alirudi Wittenberg kuwatuliza watu waliokuwa wakivunja picha makanisani, na kwamba mchoraji Cranach alikuwa rafiki yake wa karibu. Katika kanisa la mji huo ipo mpaka leo picha ya madhabahuni ya mwaka 1547: Luther mimbarani anamwonyesha Kristo msalabani, waumini upande wa pili wanamtazama Kristo, hakuna anayemtazama Luther. Rafiki yangu alikuwa anasema hiyo ndiyo homiletiki yote, yaani somo lote la kuhubiri, mengine ni mitihani ya chuo tu.

Na Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania, mnamjua. Kutoka 35 inasema Mungu alimjaza roho yake kwa kazi za ufundi, na papo hapo ikaongeza kwamba alimtia moyoni apate kufundisha. Sina haja ya kulirefusha hilo.

Ninalotaka kulisema ni hili: uchoraji ndio uliomfanya awe mchungaji wa namna ile. Mtu anayechora uso hawezi kutazama mara moja akatosheka. Anatazama, anarudi, anatazama tena, mpaka aone kitu ambacho mwenye uso mwenyewe amekisahau.

Aliwahi kunisimulia, bila kutaja jina wala usharika, kwamba alipohamishiwa mahali fulani alikabidhiwa orodha ya waumini waliokuwa nyuma kwenye ahadi zao za sadaka. Kulikuwa na mama mmoja mjane aliyekuwa ameacha kabisa kuja ibadani, na pembeni ya jina lake pameandikwa kwamba amerudi nyuma kiroho. Mchungaji akaenda kwake na penseli na daftari la kuchorea. Kitabu cha ahadi alikiacha ofisini. Alimkuta anachambua maharage, akaomba ruhusa amchore akiwa anaendelea na kazi yake. Mama akacheka, akakubali. Katika kuchora akaona bega moja limeshuka kuliko la pili. Akauliza, mama, hili bega limepatwa na nini?

Ndipo mama akafungua moyo. Alianguka na mzigo wa majani ya ng'ombe. Bega halikupona sawasawa, akashindwa kukata majani, akamwuza ng'ombe. Ahadi yake kanisani ilikuwa inatoka kwenye maziwa. Alikuwa anaona aibu kukaa ibadani wakati majina ya wadaiwa yanasomwa. Wazee walikuwa wamepita pale, wakakaa kwenye kiti kile kile, wakamkumbusha deni, wakaomba, wakaondoka.

Someni Marko 10:21. "Yesu akamkazia macho, akampenda." Mtu yule alikuwa na mali nyingi, na Bwana alizungumza naye habari za mali hizo bila kuficha, tena kwa ukali unaotutisha mpaka leo. Kwa hiyo msiniambie kwamba kanisa halipaswi kuzungumza fedha. Linapaswa. Ila angalieni mpangilio wa ule mstari. Macho kwanza. Upendo. Kisha neno la mali. Na hata yule mtu alipoondoka kwa huzuni, aliondoka akiwa ameonwa.

Sisi je? Wazee wenzangu wa kanisa, nasema na ninyi kwa heshima yote. Tunazijua namba za bahasha za sadaka kuliko tunavyozijua nyuso. Mtu akikosekana Jumapili nne, anayegundua kwanza ni mtunza hazina. Tunaingia kwenye nyumba ya mgonjwa tukiwa tumeshaandaa neno, tunalisoma, tunaomba, tunatazama saa, tuna nyumba nyingine tatu kabla ya giza. Hatukuona kwamba sufuria jikoni lilikuwa tupu, wala kwamba binti mkubwa hayuko shule na ni siku ya shule. Tukiulizwa tulichokiona, tutasema tulifanya huduma. Huduma gani hiyo ya kufumba macho?

Wewe usiye mzee wa kanisa usishangilie. Jumuiyani kwako kuna mtu anakaa karibu na mlango kila wiki, anaitikia wimbo, anachangia sukari, anaondoka wa kwanza. Unajua nini juu yake? Alhamisi hii kaa karibu naye. Usimhubirie. Mtazame mpaka upate swali la kumwuliza, swali linalomhusu yeye peke yake, kisha uwe na subira ya kusikia jibu hata kama chai inapoa na mwenyekiti anakohoa.

Na wazazi, mtoto anayechafua kuta kwa mkaa mpeni karatasi. Hamjui Bwana anamfundisha kutazama nini.

Tuombe.

Bwana Yesu, uliyemkazia macho tajiri ukampenda, tunakushukuru kwa mtumishi wako uliyempa mkono wa kuchora na moyo wa kuchunga. Mfariji mke wake, watoto na wajukuu. Wakumbuke waliojificha majumbani kwa aibu ya deni la ahadi, utume mtu kwao wiki hii, na kama mtu huyo ni mimi, unionyeshe nyumba. Amina.