Mita 60 Kutoka Ukingo Upi?

Niliondoka Ifakara, mkoani Morogoro, Tanzania, alfajiri moja ya mwezi Julai, mpunga ukiwa umeshavunwa na vumbi limesharudi barabarani, nikavuka Mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli kuelekea Lupiro. Mzee niliyeketi naye kwenye basi alikumbuka siku za kivuko, ambapo, kwa maneno yake, ratiba ya safari ilipangwa na mto na si dereva. Nyuma yetu ilisimama safu ya Udzungwa, mbele milima ya Mahenge, na katikati lilitandaa bonde la nyasi, majaruba na vijito ambalo mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, likiwa na ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 7,967.

Wengi huja huku kumtafuta sheshe, aina ya swala wa ardhioevu, au kwera wa Kilombero, ndege ambaye hapatikani kwingine duniani. Mimi nilikuwa nimealikwa na jamaa yangu, mkulima wa mpunga katika kijiji kimoja kilicho mbele ya Lupiro, ambako wanakijiji walikuwa wamekubaliana kurudisha matete na miti katika ukanda wa kijito kilichokuwa kimelimwa hadi majini.

Nilidhani nitaonyeshwa kitalu cha miche. Kitalu kilikuwepo, lakini asubuhi nzima tuliimaliza kwenye mabishano. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, na hakuna aliyeipinga. Swali lilikuwa mita hizo zianze kuhesabiwa wapi. Katika bonde hili maji ya masika hutapakaa hadi watu wakaishi kwenye madungu, kisha hurudi nyuma taratibu, na baadhi ya miaka kijito huamua kupita kwingine kabisa.

"Mwanangu," mama mmoja alimwambia mpimaji aliyekuwa ameshika kifaa chake, "ukingo unaousimamia wewe leo, Aprili samaki wanapita juu yake."

Hoja yake ilinigusa kuliko maelezo yote niliyowahi kuyasoma kuhusu ardhioevu, kwa sababu ilitoka kwa mtu ambaye kipande cha bustani yake ya kiangazi kilikuwa ndani ya ukanda huo. Hapo ndipo alipopanda mboga na mahindi ya kuchoma baada ya mpunga, na udongo wake hubaki na unyevu wakati mashamba ya juu yamepasuka. Kumwambia aache hapo bila kumpa kitu ni kumwomba agharimie mto peke yake.

Walichokubaliana kilikuwa cha kawaida, na nadhani ndiyo maana kilikuwa na nafasi ya kudumu. Mstari wa kuanzia kuhesabu mita 60 ungefuata mahali maji yanapoishia mwezi Juni, na wazee Wandamba, ambao wamevua hapa tangu ujana, ndio wangeuonyesha. Mifereji iliyochimbwa kukausha mbuga ingezibwa kwa udongo, ili maji yakae na kambale wapate nyasi zilizofurika za kutagia. Wenye mashamba ya jirani wangepimiwa na kupewa hati za haki miliki za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, wafundishwe kilimo shadidi, njia ya kulima mpunga inayotumia maji machache, na waruhusiwe kukata matete kwa zamu na kutundika mizinga. Wafugaji waliachiwa njia moja ya kunyweshea. Juu ya upana wake mazungumzo yalikuwa makali, na sikuona yakimalizika.

Mchana tulitembea na mzee mmoja aliyebeba rundo la vijiti. Hakutazama kifaa. Alipekua majani makavu yaliyonasa kwenye shina la mkuyu, alama ya gharika iliyopita, akashuka polepole hadi pale nyasi zilipobadilika rangi, akachomeka kijiti. Mpimaji aliandika namba. Yule mama, aliyekuwa anatufuata, alianza kuhesabu hatua zake kuelekea bustanini, akafika 60 akiwa bado hajaifikia, akacheka kwa sauti.

"Hatua zako fupi, mama," mpimaji alimwambia, akatandaza utepe wa kupimia.

Utepe ulipita katikati ya tuta la mchicha. Mama aliutazama kitambo, kisha akainama kuanza kuchuma upande uliokuwa wa mto.