Nyimbo nane kutoka chumba cha nyuma, Bombo

Albamu yetu imekwisha. Nyimbo nane, dakika 31, zote tumezirekodi katika chumba cha nyuma nyumbani kwa Hajati, shangazi wa mpiga dramu wetu, hapa Bombo, Uganda. Jana nimekesha naisikiliza kwa hedifoni. Bado siamini kwamba ile dramu ni yetu.

Nianze na dramu, maana ndiyo iliyotula miezi miwili. Maiki tulikuwa nazo mbili tu. Mwanzoni tulitundika moja juu, nyingine tukaiweka pembeni popote palipokuwa na nafasi, tukaanza kupiga. Snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali kwenye seti ya dramu, ikatoka nyembamba kama debe tupu. Tukabadilisha ngozi, tukabadilisha vijiti, tukaongeza magodoro ukutani hadi yakafika matatu, na debe likabaki debe.

Kumbe tatizo lilikuwa umbali. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo maiki moja ikiwa mbali na snea kuliko mwenzake kwa sentimita 34, inaisikia snea ikiwa imechelewa kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukizichanganya, baadhi ya mawimbi yanafutana, na kwetu yalikuwa yanafuta unene wote wa snea. Mpiga besi wetu ni fundi cherehani. Alikata uzi, akanishikisha ncha moja katikati ya snea, akauvuta hadi maiki ya juu, kisha akauzungusha na kuisogeza maiki ya pembeni mpaka urefu ukawa uleule. Tukarekodi tena. Tuliposikiliza hakuna aliyesema neno. Mpiga dramu alitoka nje, akaenda kukaa peke yake chini ya mwembe.

Mvua za Aprili kwenye bati lisilo na dari, stima kupotea katikati ya wimbo, hayo kila anayerekodi nyumbani anayajua.

Tunaimba kwa Kiswahili. Kwa hapa Uganda hilo si jambo dogo. Babu yangu alikuwa askari, nasi nyumbani tunaongea Kinubi, lugha yetu sisi Wanubi, na Kiswahili, lakini nilipokwenda kusoma Kampala nilijifunza kushusha sauti, kwa sababu watu wengi walikisikia Kiswahili kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukiruhusu kiwe lugha rasmi ya pili. Hata hivyo nimeshaona abiria akigeuka kunitazama kwenye teksi nilipopokea simu ya mama. Ndiyo maana nilitaka nikiimbe kwa nguvu, juu ya gitaa linalonguruma, nikiimba mambo ya kwetu: vikapu, chai ya alfajiri, kina mama wanaosubiri barua kutoka kambini. Katika wimbo wa tatu naimba, "Mama anasuka ukili, nami nasuka nyaya." Huo ndio wimbo niupendao kuliko yote.

Mapigo yake tuliyachukua kwenye doluka, ngoma ya harusi zetu sisi Wanubi. Mpiga dramu aliyahamishia kwenye ngoma kubwa ya mguu, lakini kila tulipojaribu yalikuwa makavu. Siku ya tatu Hajati akafungua mlango, kanga begani, akatuangalia kidogo.

"Mwanangu, unakimbia," alimwambia. "Doluka haikimbizwi. Nani huyo anakugongea sikioni?"

Alikuwa anaulizia metronomu, mlio unaogonga sikioni kutuhesabia mapigo. Mpiga dramu akavua hedifoni kwa heshima, akamweleza kwamba ile ndiyo inayotuweka pamoja.

"Izime. Nitawaweka mimi."

Akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, karibu na maiki ya pembeni, akaanza kupiga makofi. Polepole mwanzoni, halafu anasogeza kidogo, anarudi, anasogeza tena, na dramu ikamfuata kama mtoto aliyeshikwa mkono. Tulipiga mara moja tu, na hiyo ndiyo tuliyoitumia. Ilinigharimu siku nne kurekodi upya gitaa langu, kwa sababu kila nilipodhani nimeshika mwendo wake, alikuwa ameshahama.

Ukiusikiliza wimbo huo, vaa hedifoni. Yuko upande wa kushoto, na kuanzia dakika ya pili utamsikia pia akiimba chinichini, kwa Kinubi.