Nilivyopima taa za barabarani kwa data za magari yenyewe

Makutano niliyotakiwa kuyachunguza hayakuwa na kitambuzi hata kimoja chini ya lami. Kumpeleka mtu akahesabu foleni kungenipa picha ya siku moja tu. Nikatumia data zinazotumwa na magari: kila baada ya sekunde chache, mahali gari lilipo, saa na mwendo wake, bila jina la mwenyewe wala namba ya usajili.

Kwanza niliyatenga magari kwa upande yalikotoka na yalikoelekea. Hapa usiharakishe, maana wanaokata kona na wanaonyoosha mara nyingi hawapewi taa ya kijani kwa wakati mmoja.

Kisha nikamchorea kila mmoja mstari wake: muda unakwenda kulia, umbali unapanda juu. Gari likisimama, mstari unalala. Ukilala, ukainuka kidogo, ukalala tena kabla ya kuvuka, basi gari limekosa kijani cha kwanza na kungoja mzunguko mwingine wa taa. Wakiwa wengi hivyo, muda wa kijani hautoshi. Lakini gari likivuka halafu likakwama mbele, tatizo ni foleni ya makutano yanayofuata, na kuongeza kijani hapo ni kazi bure.

Kwa kuwa ni magari machache tu yanayotuma data, nilikusanya pamoja jioni za siku za kazi za wiki kadhaa, baada ya kuhakikisha mpango wa taa haukubadilika katikati.

Wastani wa kuchelewa kwa kila gari, pande zote za makutano zikijumlishwa, ulikuwa chini ya sekunde 55, ambao mwongozo wa Marekani wa uwezo wa barabara unauweka daraja D, yaani panavumilika. Wanaokata kona peke yao walipita sekunde 80: daraja F, la mwisho. Wastani ulikuwa umewafunika kabisa, na hilo liliniuma, kwa sababu ni watu walewale wanaoteseka kila jioni.

Barabara ndogo ya pembeni karibu hakuna aliyesimama mara mbili. Nikahamishia wanaokata kona sekunde chache za kijani chake, mzunguko ukabaki na urefu uleule ili taa za jirani zisipotezane. Waenda kwa miguu hawamo kwenye data hizi, kwa hiyo muda wao wa kuvuka niliupima mwenyewe pale pale kabla ya kugusa chochote.

Michoro iliyofuata ilionyesha wengi wa wanaokata kona wakisimama mara moja tu. Wa barabara ndogo sasa wanangoja kidogo zaidi, nami bado nawafuatilia.