Akina baba waliopotea kwenye sentensi

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kutafsiri ripoti ya kurasa sita kuhusu malaria, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Ukurasa wa pili ulikuwa na sentensi hii: “The clinic gave the mothers nets and the fathers leaflets.” Nikadhani mwandishi kasahau kile kialama cha umiliki (fathers’), nikamsaidia: zahanati iliwapa akina mama vyandarua na vipeperushi vya akina baba. Nikatuma, nikalala.

Asubuhi mhariri akanipigia. “Kaka, kwani akina baba hawakupata kitu?”

Niliirudia ile sentensi kama mara tano. Haikuwa na kosa. “The clinic gave” imetajwa mara moja, inatumikia pande zote mbili: akina mama walipewa vyandarua, akina baba vipeperushi. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba Kiswahili hufanya vilevile. Mama akigawa kuku alikuwa akituambia, “Wewe chukua paja, mwenzio shingo,” na hakuna aliyewahi kuuliza mwenzio aifanye nini hiyo shingo.

John Robert Ross, mwanaisimu wa Marekani, aliliandikia pengo hili, la maneno yanayoachwa kwa kuwa yameshatajwa, makala nzima mwaka 1970. Mimi nilichohitaji ni penseli. Sentensi ikinikalia vibaya, naandika juu ya mstari maneno ninayohisi yameachwa, kisha nasoma upya kwa sauti. Wakati mwingine neno halirudi na umbo lake: katika “Asha was late and her brothers early”, kinachorudi ni “were”, si “was”. Hilo lilinichukua muda kulizoea. Pia pengo hukaa vizuri baada ya “and” au “or”, lakini “because” hailitaki kabisa. “Asha drank tea because Juma coffee” si Kiingereza.

Penseli ina mahali inaposhindwa. “Asha gave Juma a book and Rehema a pen.” Je, Asha alimpa Rehema kalamu, au Rehema ndiye aliyempa Juma? Zote mbili zinakubali, na ukisema “Asha alimpa Juma kitabu na Rehema kalamu” utata unabaki palepale. Siku hizi nikikutana na ya namna hiyo namwandikia mwenye kazi kwanza. Wiki iliyopita ilikuwa mikopo ya kikundi, majina matatu na fedha. Akajibu, “Ngoja niulize, hata mimi sikumbuki nani alimpa nani.”