Mayega wa Tsar, na wakulima waliojaza nafasi zao

Kuna rejimenti moja ya Urusi ya zamani nimekuwa nikiisoma muda mrefu sasa, Rejimenti ya Yega ya Walinzi wa Tsar (yaani kikosi kikubwa cha walinzi wa mfalme wa Urusi), askari wa miguu wepesi, na kinachoniumiza ni kwamba vitabu vinaisifia kama vile ni mtu mmoja aliyeishi kuanzia 1796 mpaka 1918, wakati ukweli ni kwamba ilivunjwavunjwa vitani zaidi ya mara moja, ikajazwa watu wengine, jina likaendelea kama kawaida. Leo nataka tuwaongelee hao watu.

Kwanza yega ni nani. Karne ya 18 askari wa miguu alipigana akiwa amesimama kwenye mstari, bega kwa bega na mwenzake, ofisa akisema piga wote wanapiga kwa mkupuo na hakuna anayemlenga mtu. Yega alikuwa tofauti kabisa, yeye anatangulia mbele, anajificha nyuma ya mti au shimoni, wanakaa wawili wawili, mmoja akipiga mwingine anajaza bunduki ili wasibaki wote mikono mitupu, na analenga. Mikanda yao ilikuwa myeusi wakati wenzao wengi wanavaa myeupe. Jenerali wa Urusi Rumyantsev alijaribu askari wa aina hii mwaka 1761 kwenye mapigano ya Kolberg, mji wa Prussia, halafu mwaka 1765 Jenerali Pyotr Panin ndo akasababisha waingizwe rasmi jeshini, timu ndogo ndogo ndani ya rejimenti za kawaida, hasa kule Finland na mipakani ambako misitu ni mingi na huwezi kupanga mistari yako mirefu hata ukitaka.

Aliyewalea vizuri kuliko wote kwa maoni yangu ni Kutuzov, jenerali aliyekuja kuongoza jeshi la Urusi dhidi ya Napoleon wa Ufaransa. Kuanzia 1785 alipewa kikosi cha mayega wa Bug (jina la mto) akawafundisha mwenyewe, akawaandikia na mwongozo wa kazi yao. Mwaka 1788 kule Ochakov, ngome ya Waturuki, alipigwa risasi ya kichwa, mara ya pili hiyo maishani mwake, akapona!! Jenerali Bagration naye alikuwa mtu wa mayega, Barclay de Tolly pia. Yaani majina makubwa yote matatu ya vita vya 1812, Napoleon alipoivamia Urusi, yalipitia huku.

Sasa huyu askari mwenyewe alitoka wapi? Kijijini. Ni mkulima aliyekuwa mali ya bwana shamba, kijiji kinaambiwa kitoe vijana kadhaa, anayekubaliwa ananyolewa nywele za mbele papo hapo. Mwanzo utumishi ulikuwa wa maisha, kuanzia 1793 ukawa miaka 25. Mama zao waliwalilia kama msiba maana wengi hawakurudi, na wachache waliorudi walikuta wazazi wamekufa. Kuna jamaa yangu hapa Magomeni aliniuliza, kaka, Warusi wanatuhusu nini sisi? Nikamwambia kila nikipita pale Sanamu ya Askari, Posta, iliyowekwa 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi wetu wa Vita ya Kwanza, nawaza hilohilo, watu walitolewa vijijini kwa maelfu wakapigana vita vya wakubwa na pale hakuna jina hata moja. Kwa hiyo wananihusu sana tu.

Turudi kwenye rejimenti. Tsar Paul wa Kwanza aliianzisha Novemba 1796 ikiwa batalioni, kikosi kidogo kuliko rejimenti, Bagration akaiongoza tangu 1800, na mwaka 1806 ikawa rejimenti kamili. Borodino, vita kubwa na Napoleon karibu na Moscow, tarehe 7 Septemba 1812, asubuhi na ukungu, hawa ndo waliwekwa kwenye kijiji chenyewe cha Borodino, ng'ambo ya mto Kolocha, mbele ya jeshi lote na daraja moja mgongoni. Barclay aliona mapema kwamba pale wamekaa mbele mno. Wafaransa wa divisheni ya Delzons wakawaingilia, na kwa muda mfupi tu mayega wakapoteza mamia ya askari na maofisa zaidi ya ishirini wakigombania lile daraja. Waliookoa hali ni mayega wenzao, Rejimenti ya Kwanza ya Karpenko, waliwarudisha nyuma Wafaransa waliokuwa wameshavuka na daraja likaharibiwa.

Mwaka uliofuata, Agosti 1813 kule Kulm, Bohemia (leo Czech), walisimama na walinzi wengine kuzuia jeshi la Vandamme, jenerali wa Ufaransa, lisifunge njia ya milimani, na Vandamme akaishia kutekwa. Wakapewa tarumbeta za fedha. Hii ndo siku waliyojivunia kuliko zote, mpaka kanisa lao kule Petersburg likajengwa kwa jina la Miron, mtakatifu wa siku hiyo.

Halafu ikaja 1828, karibu na Varna (leo Bulgaria), vita na Waturuki. Walitumwa kwenda kupeleleza upande wa Haji Hassan-Lar, msituni, wakakuta jeshi kubwa kuliko lao, wakazingirwa na karibu wamalizwe wote, kamanda wao Hartung akauawa. Hapa ndo pananikera: msitu ndo nyumbani kwa yega, ndo alikofundishwa kupigania, lakini ukimpeleka bila kujua kuna nani mbele mafunzo hayamsaidii kitu. Ikabidi wachukuliwe askari wa rejimenti nyingine za mayega waje kuijaza, na kwenye orodha ya heshima ni rejimenti ileile ya Kulm.

Na Telish, 1877, Bulgaria. Oktoba 24 waliambiwa waishambulie ngome ya Waturuki wakati walinzi wenzao wanapigana kwenye ngome nyingine, Gorni Dubnik, wakapita uwanja wa wazi bila mizinga ya kutosha, wakakatwa, na majeruhi walioachwa pale waliuawa na miili kufanyiwa ukatili. Mchoraji Vereshchagin aliwachora, padri na askari mmoja wanaombea maiti zilizojaa kwenye majani mpaka upeo wa macho. Siku nne baadaye Gurko, jenerali wa Urusi, alileta mizinga mingi akaipiga ngome mpaka ikajisalimisha, hasara ndogo kabisa. Siku nne! Mizinga hiyo ingeletwa mwanzo wale vijana wangekuwa hai, mimi sioni namna nyingine ya kulisema hili.

Wakati huo mayega wa kawaida walishafutwa tangu 1856, kwa sababu bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu zilienea na kila askari akawa anafundishwa kulenga na kujitawanya. Hawa wa Tsar walibadilishiwa jina kwa muda wakaitwa wa Gatchina halafu wakarudishiwa la zamani, wakapigana Vita ya Kwanza, wakavunjwa 1918. Kanisa la Miron lilibomolewa 1934. Kilichobaki ni mnara wa 1912 pale Borodino, karibu na daraja lilelile, wa mayega pamoja na mabaharia wa walinzi waliokuwa nao asubuhi ile.