Teke Ambalo Hatukuliona

Nimerudi sasa hivi kutoka kwenye kibanda cha video hapa Arua, Uganda, nikiwa na mpwa wangu wa miaka kumi, na moyo wangu bado haujatulia. Tulikwenda kutazama filamu ya kung fu iliyotengenezwa kwa fedha kidogo, ambayo nilikuwa nimemsifia mtoto huyu kwa wiki nzima. Hadithi yake ni ile ile ya mwanafunzi anayelipiza kisasi cha mwalimu wake, na sina ugomvi nayo, kwa kuwa hadithi hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye darasa la karate ujanani.

Kilichoniumiza ni mapigano yenyewe. Steringi alikuwa mtu aliyefundika. Namna alivyosimama, magoti yakiwa yamelegea kidogo na mabega yametulia, ilitosha kunihakikishia. Hata hivyo, kila alipoinua mguu picha ilikatwa, tukaonyeshwa uso uliokunjamana, kisha ngumi hewani, kisha adui akiwa tayari amelala chini, huku mlio wa pigo ukisikika hata pale ambapo hakuna aliyeguswa. Vijee, yaani msimulizi anayeieleza filamu kibandani, alijitahidi mno kuyaziba mapengo hayo kwa maneno yake, na ninamshukuru. Katikati ya pambano la mwisho mpwa wangu aliniinamia akauliza, "Mjomba, amempiga saa ngapi?" Sikuwa na jibu.

Sikubali kwamba kosa ni la umaskini. Katika pambano la Bruce Lee na Chuck Norris la mwaka 1972, lile la Koloseo ya Roma, mara nyingi kamera husimama mbali kiasi cha kutuonyesha miili yote miwili, ili tuone teke linapoanzia na linapotua. Na kuirudisha kamera nyuma hatua chache hakuhitaji fedha. Hapa kwetu, katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alitoa mwaka 2010 filamu ya mapigano ambayo bajeti yake hutajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani, akitumia kompyuta alizoziunganisha mwenyewe na silaha za kuigiza zilizotengenezwa kwa vyuma chakavu. Ukiitazama unaona watu wanaoupenda mchezo wao na wanaotaka uwaone wakiucheza. Filamu ya leo ilikuwa na mchezaji hodari, ikamficha, na hilo ndilo ninaloshindwa kulisamehe, kwa sababu mtu yule alitumia miaka mingi kuufundisha mguu wake.

Tulipofika nyumbani mpwa wangu aliniomba nimwonyeshe jinsi teke lile lilivyopaswa kwenda. Nikasogeza viti uani, nikalipiga polepole, goti kwanza, kisha nyonga, kisha unyayo, mara tatu, hadi aliposema kwamba sasa ameliona.