Ukuta wa Monticello

Watu hupanda kilima cha Monticello, jimboni Virginia, kuiona nyumba ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, ile iliyochorwa kwenye sarafu ya senti tano ya nchi hiyo. Mimi nilifuata shamba la mboga lililo pembeni yake, na nusura nisifike. Treni ya kutoka Washington hadi Charlottesville haikuwa na neno. Kilichoniumiza ni maili chache za mwisho. Basi la kupanda kilimani sikuliona, dereva wa teksi akanitoza dola 30 bila haya, na tiketi ya mlangoni ikala zilizobaki. Nyumba niliimaliza haraka. Bustanini nilikaa mpaka wanafunga.

Upande wa kusini-mashariki wa kilima umekatwa tuta moja tu, lenye urefu wa futi 1,000 na upana wa futi 80, yaani kama mita 305 kwa 24. Kazi ilianza mwaka 1806, Thomas Jefferson akiwa bado rais. Waliochimba ni wanaume saba watumwa, aliowakodi kwa mkulima mmoja wa Fredericksburg. Walikata upande wa juu wakajaza upande wa chini. Udongo ni mfinyanzi mwekundu, rangi ileile ya Usambara: ukilowa unang'ang'ania jembe, ukikauka ni tofali.

Yeyote aliyewahi kuchimba matuta Lushoto atauliza: huo udongo uliojazwa unashikwa na nini? Unashikwa na ukuta wa mawe, ambao penye kina kirefu unazidi futi 12. Nilichuchumaa chini yake muda mrefu, hadi mlinzi akaja kuniuliza kama ninaumwa. Mawe yamepangwa makavu, bila saruji, na hapo ndipo penye akili. Mfinyanzi hunywa maji ukavimba. Ukiuzibia kwa ukuta wa saruji usio na matundu, masika moja inatosha: maji hujikusanya nyuma, ukuta unatoa tumbo, kisha unalala. Ukuta mkavu huyapitisha maji kila penye mwanya. Lakini una masharti yake. Msingi ushuke hadi ardhi ambayo haijatibuliwa. Uso wa ukuta uegemee mlima, kiasi cha futi moja kwa kila futi sita za kwenda juu. Kila jiwe likalie mawili, na kila baada ya hatua mbili tatu liwekwe jiwe refu linaloingia ndani kabisa, maana bila hayo ukuta huwa ni ngozi tu, hubanduka. Nyuma yake jaza kokoto. Anayebana matumizi akajaza udongo hurudi kujenga upya. Hata huu wa Monticello, Jefferson alipokufa uliachwa, ukabomoka na kufukiwa; waakiolojia walianza kuifukua bustani mwaka 1979, ndipo ukainuliwa tena palepale.

Mteremko nao hauko pale kwa uzuri. Hewa baridi ni nzito, usiku huteremka bondeni kama maji, jalidi ikaunguza miche ya chini na kuiacha ya juu. Pamoja na faida hiyo yote, Jefferson na majirani zake walikuwa wakishindana nani atavuna njegere za kwanza kila mwaka, na mara nyingi aliyeshinda ni jirani yake, George Divers. Hilo lilinifurahisha.

Tatizo la kulima kileleni ni maji. Kisima kilikuwa kikikauka, kwa hiyo yakajengwa mahodhi manne ya kuvuna maji ya paa, kila moja futi nane kila upande. Kwa hesabu, hodhi likijaa ni kama lita 14,500. Plasta haikushika, maji yakawa yanavuja. Fundi wa kwetu atacheka, kisha atanyamaza akikumbuka tangi lake mwenyewe.

Tuta limegawanywa viwanja 24, vikipangwa kwa sehemu inayoliwa: matunda, mizizi, majani. Kuna mboga ya pwani ya Ulaya iitwayo sea kale inayofunikwa kwa vyungu vya udongo ili machipukizi yasione jua, yabaki meupe na laini. Chungu kikiondolewa mapema, yanakuwa machungu. Ratiba ya saladi ndiyo niliyoinakili: subana moja ya mbegu kila Jumatatu, kuanzia Februari 1 hadi Septemba 1. Sisi tunasia paketi nzima siku moja, kila kitu kinakomaa wiki moja, halafu tunamlaumu dalali.

Njia ya maua upande wa nyumba inapinda kama nyoka, na nisingeitaja isingekuwa namna ilivyopatikana. Ilikuwa imepotea chini ya majani. Miaka ya 1939 hadi 1941, ilipokuwa ikifufuliwa, taa za gari zilimulikwa usiku zikiulalia uwanja, na vivuli vikaonyesha mipindo ya zamani. Kifaa hicho kila mtu anacho.

Nikarudi kwenye mboga, nikasimama penye bamia. Kando yake ufuta, ambao Jefferson alitaka kukamua mafuta ili aachane na ya zeituni. Alilima zaidi ya aina 300 za mboga na viungo, akaandika tarehe za kusia na kuvuna. Lakini daftari la hesabu la mjukuu wake, Anne Cary Randolph, la miaka ya 1805 hadi 1808, linaonyesha nyumba kubwa ikinunua kuku, mayai, matango na kabichi kutoka kwa watumwa, waliolima vibustani vyao usiku na Jumapili. Vibustani hivyo havina ukuta wa kuchuchumalia.

Kwa hasira ya teksi niliteremka kwa miguu. Njia inapita makaburini. Kaburi la Jefferson lilichimbwa Julai 1826 na Wormley Hughes, mtumwa aliyekuwa mkuu wa watunza bustani. Deni aliloacha Jefferson lilikuwa kubwa, na Januari iliyofuata watu 130 wakanadiwa, wakiwemo Ursula, mke wa Hughes, na watoto wao.

Dukani chini wanauza mbegu. Niliinua paketi ya bamia, nikasoma bei, nikapiga hesabu: kilo tatu za bamia sokoni kwetu, na bila cheti cha afya ya mimea ingenyang'anywa uwanja wa ndege. Nikairudisha rafuni, nikaanza kutafuta teksi nyingine.